Neno Nililomrushia Mama

Mama alimtayarishia mdogo wangu maji ya kuoga kila asubuhi hadi alipotimiza miaka kumi na tisa. Aliyapasha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akayamimina kwenye beseni la bluu, akayachanganya na ya baridi, akachovya kiwiko, akaongeza kidogo, akachovya tena, ndipo akamwita. Kijana ambaye ndevu zilikwisha kumwota alitoka chumbani na taulo begani, ametulia, kama mtoto anayepelekwa chekechea. Majirani zetu pale Kamembe, ambao ukuta wao ndio uliokuwa ukuta wetu, walicheka bila hata kujificha.

Mimi pia nilicheka. Nataka kulisema hilo mapema.

Tulikuwa wawili tu. Papa alikuwa fundi cherehani, akafa mdogo wangu akiwa na miaka miwili na mimi kumi na mitatu. Kati yangu na yeye walizaliwa watoto wengine wawili, na wote wawili Mama aliwazika kabla hawajatembea. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini anamshika yule wa mwisho namna ile. Kila mtu alikuwa na jibu tayari. Ameshazika wawili na mume, walisema, huyu amemfunga kwenye kitenge chake na hatamfungua.

Hakumruhusu kucheza mpira. Hakumruhusu kuteka maji, wala kubeba kitu chochote kizito kuliko mkoba wa shule, na hata huo mara nyingi aliubeba yeye. Alimpeleka shuleni na kumrudisha, mpaka darasa la sita. Watoto wa mtaa waliposhuka ziwani kuogelea, mdogo wangu alibaki barazani akimkatia Mama vitunguu. Lililowaudhi watu zaidi ni Ramadhani. Kijana alifika miaka kumi na sita na bado hajafunga hata siku moja kamili. Mama alisema ana vidonda vya tumbo. Wanawake waliokuja kununua vitenge kwake walikuwa wakiona sahani ya mchana imefunikwa mezani, wakatazamana. Mmoja alimwambia wazi, "Maman, unamulea kama binti."

Mama akamjibu, "Basi iko binti yangu," akaendelea kukunja vitambaa.

Mara moja kwa mwezi aliwaacha wateja, akamvalisha shati safi, wakavuka daraja la mpakani kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kumsalimia mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja aliyeolewa huko. Walirudi alasiri na mikate na pengine sabuni. Mdogo wangu alirudi akichechemea kidogo. Mama alisema viatu vinambana. Siku moja nilimnunulia viatu vikubwa zaidi kwa mshahara wangu wa kwanza, na mwezi uliofuata alirudi akichechemea vilevile. Sikuuliza. Niliona ni deko tu.

Nilikuwa mwalimu wakati huo. Nilianza shule kwa Kifaransa, kisha, nikiwa bado chuo cha ualimu, tukaambiwa kwamba sasa kila kitu kitafundishwa kwa Kiingereza. Wengine walilia. Mimi nilinunua kamusi, nene, ya mtumba, jalada lake limeshikwa kwa gundi, nikawa naisoma kama watu wanavyosoma riwaya. Nilikuwa na tabia moja mbaya ya kutafuta ndani yake maneno ya watu ninaowajua. Neno la mwalimu mkuu wetu nililipata. Neno la mwanamume aliyenichumbia akaniacha nililipata pia. Siku niliyolipata la Mama nilikuwa nimeketi barazani kwetu, na yeye yuko ndani anapasha maji.

Neno lenyewe ni "coddle". Kamusi ilisema ni kumtunza mtu kupita kiasi, kumkinga na kila kitu, kumdekeza. Hapo hapakuwa na jipya. Kiswahili kina kudekeza, Kinyarwanda kina gutetesha, na wale waliosoma Kifaransa mtaani kwetu walimwita mdogo wangu gaté bila kupunguza sauti. Lakini chini yake palikuwa na maana ya pili iliyonishangaza. Kupika yai taratibu, kwenye maji ya moto yasiyofika kuchemka. Nikaona yai limekaa kwenye maji ya uvuguvugu, ute wake umekuwa mweupe kidogo pembeni, katikati bado linatikisika. Nikaangalia mlango wa bafu. Nikacheka peke yangu.

Kamusi ilinielekeza pia kwenye neno lingine, kurasa za mbele, refu zaidi. Waingereza wamelichukua hilohilo, wakalitangulizia jina la kike, jina la kawaida la mwanamke wa huko kwao, ili kumdhihaki mwanamume aliyelelewa kwa ulaini. Kumbe na wao wana majirani kama wetu, nikawaza.

Neno hilo nilikaa nalo kama mtu aliyeokota kisu kizuri. Nililitumia mwaka ambao mdogo wangu alifaulu mtihani na kupangiwa shule ya bweni huko Nkungu, shule nzuri, yenye maabara. Mama alikataa. Alisema atasoma shule ya kutwa ya hapa karibu, arudi nyumbani kila siku. Nilitoka kazini kwangu kuja kumbembeleza. Tulianza kwa upole na hatukumaliza kwa upole.

"Mama, atakufa kwa aibu huyu mtoto," nilisema. "Wenzake wote wanaenda."

"Batoto ba wenzangu si wangu."

"Unajua Waingereza wana neno kwa hiki unachofanya? Maana yake ni kupika yai kwenye maji yasiyochemka. Ndivyo unavyompika. Hataiva huyu. Siku utakapomtoa humo atamwagika mikononi mwa watu."

Mdogo wangu alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi, na kisu kikasimama. Mama alinitazama. Nilidhani atanipiga kofi, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na nane.

"Weye unajua vitabu," alisema. "Miye najua mutoto wangu."

Akainuka kwenda kuweka chai. Nilirudi kazini nikiamini nimeshinda hoja.

Mwaka na nusu baadaye Mama alianguka sokoni, katikati ya vitenge vyake. Shinikizo la damu, walisema. Upande wake wa kulia ulikufa na ulimi pia. Aliishi siku tatu hospitalini. Nilikaa naye. Mara kwa mara alikuwa akifungua mdomo na hakutoka neno, kisha anachukua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, anajigonga kifuani. Anagonga, ananitazama, anagonga tena. Niliwaita wauguzi nikawaambia anasikia maumivu ya kifua. Walimpima, wakamwongezea dawa. Alipokuwa akigonga nilimshika mkono nikaulaza kitandani, nikamwambia atulie. Siku ya tatu aliacha kugonga.

Sijui alikuwa anasema nini. Labda kilikuwa kifua chake kweli. Nimejaribu kuamini hivyo na kuna siku naweza.

Nilifunga nyumba ya Kamembe, nikamchukua mdogo wangu tukaishi naye Nkanka, ambako ndiko ninakofundisha. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili karibu na shule, juu kidogo ya ziwa. Alikuja na sanduku moja na hakujua kufanya lolote. Hakujua kuwasha makaa. Hakujua bei ya chumvi. Alisimama mlangoni asubuhi akiniangalia nikijiandaa, akingoja, na nilijua anachongoja, nikampa ndoo na kumwonyesha bomba. Aliteka nusu ndoo, akapumzika njiani mara tatu. Majirani wapya walimtazama. Niliona aibu ileile ya Kamembe imehama na sisi.

"Niko nachoka haraka, Yaya," aliniambia. Yaya ndivyo tunavyomwita kwetu dada au kaka mkubwa.

"Utazoea," nilisema.

Wakati huo shule yetu ilikuwa inaongezewa madarasa mawili. Mchanga uliletwa na mashua hadi ufukweni, na kutoka ufukweni hadi shuleni hakuna njia ya gari, ni kilima kitupu. Watu waliupandisha kichwani, kwenye mabeseni. Vijana wa hapo walifanya kazi hiyo, na wanawake, hata wanawake wenye watoto mgongoni. Nilimwendea msimamizi wa ujenzi nikamwombea mdogo wangu nafasi. Msimamizi alimtazama kidogo, mabega yake membamba, vidole vyake visivyo na hata alama moja ya kazi.

"Mwalimu, huyu ataweza?"

"Mfundishe," nilisema. "Usimwonee huruma."

Alibeba mchanga siku tisa. Darasa langu lina dirisha linaloangalia ile njia, na katikati ya somo nilikuwa nikimwona anapanda, wa mwisho kwenye mstari, beseni kichwani, mkono mmoja juu na mwingine kiunoni. Nitasema ukweli: nilifurahi. Kila alipotokea kwenye ukingo wa kilima nilisikia kitu kama fahari. Nilimwambia Mama moyoni, umeona? Jioni alikuja akaketi kitandani bila kuvua viatu, akala kidogo sana, akalala ameketi, ameegemea ukuta. Nilimuuliza kwa nini halali vizuri kama watu. Alisema akilala chali anakosa pumzi. Nilidhani ni uchovu wa mtu asiyezoea. Sikumpa mto wa pili. Alijikunjia koti lake.

Siku ya tisa, ilikuwa kabla ya mapumziko ya saa nne. Nilisikia kelele nje, nikachungulia. Alikuwa ameanguka mahali njia inapopinda, beseni limepinduka, mchanga umetawanyika mpaka kwenye majani. Wabebaji walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa anacheka, si kwa ubaya. Nilitoka darasani nikashuka kwa haraka, na nilipokuwa nashuka niliona kwamba wanafunzi wangu wamejaa dirishani, na msimamizi ananitazama, na hasira ikanipanda ambayo haikuwa ya siku ile tu. Ilikuwa ya miaka yote ya beseni la bluu.

Alikuwa amepiga magoti, mikono miwili chini, anahema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Niliiona. Niliiona na nikasema, mbele ya watu wote:

"Simama. Mama hayupo."

Aliniangalia. Akaanza kuuzoa ule mchanga kwa viganja, akaurudisha kwenye beseni, wote aliouweza. Mwanamke mmoja aliinama kumsaidia, nikamwambia amwache. Alijitwisha mwenyewe. Akapanda. Alipofika juu niliwarudisha wanafunzi kwenye viti nikaendelea na somo, lilikuwa somo la sehemu za mwili, na nakumbuka sauti zao zikirudia baada yangu.

Kesho yake miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu havikuingia, na kikohozi kilimtoa povu lenye wekundu. Kituo cha afya hawakukaa naye hata saa moja. Walimpakia kwenye gari la wagonjwa hadi hospitali ya wilaya, na mimi nikakaa pembeni yake nikimshika asianguke kwenye kona.

Daktari alikuwa kijana, pengine umri wangu. Aliweka kifaa chake kwenye kifua cha mdogo wangu akasikiliza muda mrefu, mbele, kisha mgongoni, kisha mbele tena. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mgonjwa.

"Sindano zako umeacha lini?"

"Tangu Maman afariki," mdogo wangu alisema.

"Miezi mingapi?"

"Mitano."

Nikauliza, "Sindano gani?"

Daktari alinigeukia akiwa na mshangao usio na lawama, na huo ndio ulioniumiza zaidi. Alinieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wazazi wasiojua kusoma. Mtoto anapata homa ya koo, haitibiwi vizuri, baada ya wiki magoti yanavimba, na ugonjwa unashuka kwenye moyo unaharibu vali zake, ile milango inayofunguka na kufunga. Milango ya mdogo wangu haikufunga. Ilikuwa hivyo tangu utotoni. Sindano ya kila mwezi, inayochomwa takoni, ndiyo iliyokuwa inazuia isiharibike zaidi. Na kazi nzito, alisema, kazi nzito mtu kama huyu hafanyi kabisa. "Amekuwa akifanya kazi gani?"

Nilimwambia. Aliandika.

Daktari alipotoka niliketi ukingoni mwa kitanda. Mdogo wangu alikuwa amewekewa mito mitatu na mrija wa hewa puani. Sauti yake ilitoka vipande vipande.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Tangu niko na miaka sita. Weye ulikuwa chuo. Magoti ilivimba, Maman akanipeleka Bukavu kwa mama mdogo, na hospitali ya kule ndiyo ilituambia."

"Aliniambia ilikuwa malaria."

"Aliwaambia bantu bote malaria." Alipumzika kidogo. "Alisema nisiseme kwa muntu. Alisema wakijua, watanihesabia siku. Hakuna atakayenifundisha kazi, hakuna atakayenipa binti yake. Alisema afadhali waniite gaté."

"Na mimi? Mimi ni muntu?"

Alifumba macho, nikadhani amelala, kisha akasema:

"Nilitaka kukuambia. Ile siku ya yai. Maman akanitazama, nikanyamaza."

"Na sindano? Baada ya Mama, kwa nini hukuenda?"

Ndipo aliponieleza jambo ambalo sijui nilipange upande gani. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi, tukiwa bado Kamembe, alijaribu kwenda mwenyewe. Aliaga kwamba anakwenda msikitini, akashuka hadi darajani. Hakuwa amewahi kuvuka peke yake. Siku zote Mama ndiye aliyeshika karatasi, ndiye aliyejibu, ndiye aliyelipa. Ofisa wa mpakani alimuuliza anakwenda wapi na kwa nani, na yeye hakujua jina la mtaa wa mama mdogo, wala jina la ile hospitali. Alijua njia kwa miguu tu. Watu nyuma yake walianza kumsukuma. Akaondoka kwenye mstari, akasimama pembeni akitazama upande wa pili kwa muda, akarudi nyumbani. Hakujaribu tena.

"Na kwa nini hukuuliza huku kwetu? Hata kituo cha afya wanachoma sindano hizo, daktari amesema."

"Sikujua," alisema. "Maman pia sidhani alijua. Kule ndiko walimwambia, kule ndiko alienda."

Miaka kumi na mitatu wamevuka daraja kwa kitu kilichokuwa kinapatikana dakika kumi kutoka mlangoni kwetu. Mama aliogopa kuuliza upande huu, kwa sababu upande huu watu walimjua.

Mdogo wangu alikaa hospitalini wiki mbili. Nilijifunza kupika uji mwepesi usio na chumvi, ule anaoweza kuunywa bila kukohoa, nikampelekea kwenye chupa ya chai. Adhuhuri moja alikuwa amesinzia nami nimeketi korido, sina la kufanya, nikatoa simu nikatafuta lile neno tena. Sijui nilitaka nini kwake. Kwenye simu kulikuwa na maelezo ambayo kamusi yangu ya mtumba haikuwa nayo, ya asili yake. Wanaoandika kamusi wenyewe hawakubaliani. Baadhi wanasema limetoka kwenye lile jambo la kupika kwa moto mdogo. Wengine wanadhani limetoka kwenye neno la zamani zaidi, jina la kinywaji, uji mwepesi uliochanganywa na pombe, mayai na viungo, ambao watu wa kale wa huko waliwanywesha wagonjwa na wanawake waliotoka kujifungua. Na hilo nalo, wanasema, limetoka kwenye Kilatini, kwenye neno la kitu chenye moto.

Nilisoma hapo mara mbili. Sikulia. Nilienda nje nikasimama karibu na mahali wanapofua mashuka. Mama hakuhitaji kamusi. Alikuwa na mgonjwa nyumbani, akampa kitu cha moto. Mimi nilichukua neno la uuguzi nikampiga nalo.

Ningeishia hapo hadithi ingekuwa nyepesi, Mama amekuwa na haki na mimi mwenye makosa. Lakini mdogo wangu alisimama peke yake kwenye mstari wa mpakani akashindwa kutaja jina la hospitali aliyotibiwa tangu utoto. Hilo si mimi niliyelifanya. Mama alimkinga na kila kitu mpaka akamkinga na ugonjwa wake mwenyewe, akaushika yeye, kama alivyoushika mkoba wa shule, na siku alipoanguka sokoni akaanguka nao. Nimemkasirikia kwa hilo pia. Ninamkasirikia hata leo, na ninaswali kwa ajili yake, na mambo hayo mawili hayajawahi kupatana.

Daktari alimweka kwenye orodha ya upasuaji Kigali. Alisema wapo madaktari wanaofungua moyo na kurekebisha milango, lakini wagonjwa ni wengi na kwanza apate nguvu. Tulirudi Nkanka kungoja. Ilikuwa miezi saba.

Nikawa kama Mama, na nikajaribu nisiwe kama Mama. Sikumruhusu kubeba ndoo, lakini nilimfundisha kupika. Nilimwandikia jina la ugonjwa wake kwenye karatasi, kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, akalikariri. Mara ya kwanza nilikwenda naye kituo cha afya, nikakaa kimya kwenye benchi mpaka aseme mwenyewe amekuja kwa nini. Alisema kwa sauti ndogo. Muuguzi alimwomba arudie, akarudia. Mara ya pili alikwenda kwa pikipiki peke yake, akarudi akichechemea, akasimama mlangoni.

"Nimewaambia tarehe yangu ya kuzaliwa pia," alisema.

Alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa na furaha nisiyoweza kuielezea. Alianza kusalimiana na watu. Yule mwanamke aliyetaka kumsaidia kuzoa mchanga alikuwa akipita na sambaza wabichi, wale dagaa wa ziwani, anaketi naye, anamfundisha kuwakausha. Siku moja mdogo wangu aliniomba tumtafute mtu wa kuitazama cherehani ya Papa iliyobaki Kamembe, kisha tuilete, akisema kazi ya kukaa anaiweza. Nilisema tutaileta likizo ikianza.

Hatukuileta. Ilikuwa siku ya Alhamisi, asubuhi, nipo darasani. Mwanamke yuleyule alikuja dirishani, hakugonga mlango, alisimama tu pale nje akaniangalia, na watoto wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amemkuta kwenye mkeka, mbele ya nyumba, ameegemea ukuta kama alivyozoea, sinia la maharage mapajani, nusu yamechambuliwa. Alidhani amesinzia. Alimsemesha mara mbili.

Tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri, Kamembe, karibu na Mama. Majirani wa zamani walikuja wote. Walikuwa wameshasikia ni moyo. Yule aliyesema analelewa kama binti alinishika mikono akalia kwa sauti, nikamwacha alie, kwa sababu mimi nilisema baya zaidi.

Mama mdogo alivuka kesho yake. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Tuliketi kwenye ile baraza, milango imefunguliwa kuingiza hewa. Nilimuuliza kwa nini, miaka yote ile, hata yeye hakuniambia.

"Mama yako aliniapisha," alisema. Kisha: "Na weye, mwanangu, kila ulipokuja kwangu ulikuwa unatufundisha. Hukuwa unauliza kitu."

Nilimweleza habari za mchanga. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata daktari nilimwambia kazi tu, sikumwambia maneno. Nilimweleza dirisha, wanafunzi, midomo yenye rangi ya majivu, na nilichosema. Alisikiliza akiwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Alikusamehe?" aliniuliza.

"Sikumuomba."

"Miezi saba?"

"Tulikuwa tunazungumza mambo mengine," nilisema. "Tulikuwa tunazungumza cherehani."

Hakunifariji. Aliuliza mswala wa kuswalia uko wapi, nikamletea, nikamshika mkono mpaka akaketi kuswali.